Jibu Lipo, Mheshimiwa; Twaomba Swali Liulizwe

Makorora, Tanga.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUPIMWA SELIMUNDU KILA MTOTO ANAYEZALIWA MKOANI TANGA

Mheshimiwa Waziri,

Natambua kwamba barua zinazopanda mezani kwako ni nyingi na saa zako ni chache. Naomba radhi mapema kwa kukuongezea nyingine, tena ndefu. Nimethubutu kuiandika hadharani kwa kuwa ombi lililomo si langu peke yangu. Ni la wazazi wa mitaa hii ya Makorora, na naamini ni la wazazi wa Mabawa, Ngamiani, Muheza, Pangani na Mkinga vilevile.

Ombi lenyewe, Mheshimiwa, nalitanguliza ili usilitafute. Tunaomba kila mtoto anayezaliwa mkoani Tanga apimwe ugonjwa wa selimundu ndani ya wiki sita za mwanzo wa maisha yake. Tunaomba pia maabara ya mkoa iwe na uwezo wa kudumu wa kusoma vinasaba, yaani DNA, pale kipimo cha kawaida kinapokwama. Yaliyobaki ni sababu. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, na naona ni adabu kwa mwombaji kumweleza anayeombwa jinsi kitu kinavyofanya kazi kabla ya kumtaka akigharimie. Kwa ruhusa yako nitaanzia mbali kidogo, kwa bakteria, maana huko ndiko elimu hii ilikochimbuka.

Bakteria naye huvamiwa, Mheshimiwa. Viko virusi vinavyomwingizia DNA yao ili avizalishie vingine mpaka apasuke. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Salvador Luria na wenzake nchini Marekani waliona jambo lisilo la kawaida: virusi vilivyostawi ndani ya aina moja ya bakteria vilidhoofika vikihamishiwa ndani ya aina nyingine. Katika miaka ya 1960 Werner Arber, akiwa Geneva, alilifumbua fumbo hilo. Bakteria ana kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia, kinachoikata DNA ya mgeni, na ana kingine kinachoitia alama DNA ya mwenye nyumba isikatwe. Mwaka 1970 Hamilton Smith na Kent Wilcox, wakiwa Baltimore, walikitenga kimeng'enya cha namna hiyo kutoka kwa bakteria aitwaye Haemophilus influenzae, na katika maabara hiyohiyo ikathibitishwa kwamba hakikati ovyo: kinakata kwenye mfuatano mmoja maalumu wa herufi. Mwaka uliofuata Kathleen Danna na Daniel Nathans walikitumia kuigawa DNA ya kirusi cha SV40 katika vipande 11. Arber, Nathans na Smith wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1978.

Naomba uniruhusu nisimame hapo kwenye neno mfuatano, kwa sababu ombi letu lote limeegemea hapo. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Katika kila uzi zimepangwa herufi za kikemia za aina nne, A, T, G na C. Kila A hukabiliana na T ya uzi wa pili, na kila G hukabiliana na C. DNA ya binadamu ina jozi za herufi kama bilioni tatu. Kimeng'enya kiitwacho EcoRI, kilichopatikana kwa bakteria Escherichia coli, hutafuta herufi sita tu: GAATTC. Ukiutazama uzi wa pili mahali hapo na kuusoma kwa mwelekeo wake wenyewe, nao unasema GAATTC. Ulinganifu huu una kazi. EcoRI imeundwa na protini mbili pacha zilizoshikana, na kila pacha hushughulikia uzi mmoja, kwa hiyo wanahitaji kukuta maneno yaleyale pande zote mbili.

Jinsi kinavyosoma ndiko kunakonistaajabisha kila mwaka ninapofundisha. Hakizifungui nyuzi ili kuona ndani. Huiparamia DNA mahali popote, kikateleza juu yake, kikaruka na kushika tena, huku kikipapasa kingo za herufi zilizojitokeza katika mfereji mpana unaoizunguka DNA, kama vidole vya msomaji asiyeona vinavyopita juu ya nukta nundu. Kila herufi ina mpangilio wake wa sehemu zinazoweza kushikana kwa vifungo vya hidrojeni. Herufi zikiwa si zake, mshiko unakuwa hafifu na kimeng'enya kinasonga mbele. Zikiwa sita zote sawasawa, vifungo vinajipanga, DNA inapindika kidogo, na protini yenyewe inabadili umbo. Hapo tu ndipo madini ya magnesiamu yanapokaa mahali pake na molekuli ya maji ikauvunja uti wa uzi kati ya G na A, upande huu na upande ule. Mwaka 1986 John Rosenberg na wenzake walichapisha umbo la EcoRI ikiwa imeikumbatia DNA, na wanasayansi wakaona kwa macho yale waliyokuwa wakiyakisia.

Umakini wake, Mheshimiwa, si wa kawaida. Badilisha herufi moja kati ya zile sita, na kasi ya kukata hushuka mara milioni na zaidi. Hata hivyo kimeng'enya hiki kinataka masharti yake yaheshimiwe. Kikiwekewa chumvi isiyo sahihi au gliseroli iliyozidi, kinaanza kulegeza macho na kukata mahali panapofanana tu na pake. Huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na kikitolewa kufanya kazi hupenda nyuzi 37, joto la mwili wetu. Na huko kwa bakteria, DNA ya mwenyeji inasalimika kwa sababu kimeng'enya mwenza hubandika kikundi kidogo cha methili juu ya A moja ndani ya GAATTC. Alama hiyo ndogo inatosha kuuzuia mshiko.

Sasa naomba tutoke kwa bakteria tuje kwa mtoto.

Katika kromosomu ya 11 ya kila binadamu kuna jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Karibu na mwanzo wa jeni hiyo, mtu asiye na selimundu ana herufi CCTGAGG. Mwenye jeni ya selimundu ana CCTGTGG. Tofauti ni herufi moja: A imekuwa T. Kwa sababu hiyo asidi amino ya sita ya protini inakuwa valini badala ya asidi ya glutamiki, jambo ambalo Vernon Ingram alilionyesha huko Cambridge mwaka 1957 kwa kuichambua protini yenyewe. Mtoto aliyerithi herufi hiyo kwa baba na kwa mama, hemoglobini yake hugandamana inapopungukiwa oksijeni, chembe nyekundu zinapinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo na kufa kabla ya wakati. Hapo ndipo macho ya manjano, vidole vya mtoto mchanga kuvimba, maumivu ya maungo yanayomliza usiku kucha, na damu inayoisha ghafla.

Na hapo ndipo vimeng'enya vilipoingia. Kiko kimoja, MstII, kinachotafuta CCT, kisha herufi yoyote, kisha AGG. Kwa mtu asiye na selimundu, CCTGAGG inatimiza sharti hilo, kwa hiyo kinakata. Kwa mwenye selimundu, mahali pa A pana T, kwa hiyo kinapita bila kugusa. Mtaalamu akivitandaza vipande kwenye jeli na kupitisha umeme, vifupi hukimbia mbele na virefu hubaki nyuma. Jeni ya kawaida huonyesha kipande cha herufi kama 1,150, na ya selimundu kipande cha herufi kama 1,350, kwa kuwa hakikukatwa. Mbebaji, aliyerithi moja kwa kila aina, huonyesha vyote viwili. Yuet Wai Kan na Andrée Dozy walikuwa wamefungua njia mwaka 1978 kwa kimeng'enya kingine, HpaI, na kufikia 1982 MstII ilikuwa ikiisoma herufi yenyewe. Mwaka 1985, mbinu ya kurudufisha DNA iitwayo PCR ilipotangazwa katika jarida la kisayansi kwa mara ya kwanza, kazi iliyofanyiwa jaribio ilikuwa hii hii: kutambua selimundu kwa msaada wa vimeng'enya vya kukata.

Ninakuomba, Mheshimiwa, uipime nami miaka hiyo. Ni zaidi ya miaka arobaini tangu binadamu aweze kuitambua herufi hiyo moja kati ya bilioni tatu. Na sehemu ya elimu iliyotangulia ilichotwa katika damu ya watu wetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipopima damu za watu wa Afrika Mashariki mwaka 1949, aliwakuta wabebaji wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na wachache mno katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha hoja ambayo sasa iko katika kila kitabu cha Baiolojia: mbebaji wa jeni moja ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Pwani yetu ilikuwa na malaria nyingi, kwa hiyo jeni ikadumu. Mababu waliopona malaria kwa msaada wake ndio waliotuachia.

Jambo hili lina uzito mkubwa mitaani kwetu. Mama anapozaa mtoto anayeugua kila mwezi, hazikosekani sauti zinazosema ametupiwa, ana jini, au ukoo wa mama una laana. Ndoa huvunjika kwa maneno hayo. Elimu ya vinasaba inasema kinyume: mtoto amepokea jeni moja kwa kila mzazi, hakuna aliyekosea, na wazazi wawili walio wabebaji wana uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mwenye selimundu katika kila mimba. Karatasi ya majibu yenye muhuri wa serikali ingeinusuru heshima ya akina mama wengi, Mheshimiwa, na ingewapa wazazi wote wawili jambo la kufanya badala ya mtu wa kumlaumu.

Na la kufanya lipo. Inakadiriwa kwamba nchini Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na kwamba katika Afrika zaidi ya nusu ya watoto wasiotambuliwa mapema hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Wengi huondoka kwa maambukizi, malaria au upungufu wa damu, kabla hata jina la ugonjwa halijatajwa. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani kuhusu penisilini ya kumeza kila siku kwa watoto wenye selimundu ulisitishwa kabla ya muda wake, kwa sababu maambukizi makali ya pneumokoka yalikuwa yamepungua kwa asilimia 84 na haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa dawa ya haidroksiyurea uliofanyika Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi, huko Kilifi kwa ndugu zetu wa pwani hii hii. Watoto waliotumia dawa hiyo walipata maumivu machache zaidi, maambukizi machache zaidi, hata malaria kidogo zaidi, na vifo vilipungua. Hapa nyumbani Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili wamewafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa maelfu tangu mwaka 2004, na upimaji wa watoto wachanga umekwisha kujaribiwa Dar es Salaam na Mwanza. Kwa hiyo, Mheshimiwa, hatuombi jambo geni. Tunaomba lililokwisha kuonekana linafaa lifike na Tanga.

Naomba niseme kwa uwazi, kwani heshima bila ukweli si heshima: kwa watoto walio wengi vimeng'enya vya kukata DNA havihitajiki. Tone la damu ya kisigino na kipimo cha hemoglobini vinatosha. Lakini wapo ambao kipimo hicho hakiwatoshi. Mtoto aliyeongezewa damu juzi ana chembe nyekundu za mchangiaji mwilini, na hemoglobini inayosomwa si yake peke yake. DNA ya chembe zake nyeupe ndiyo itakayosema ukweli. Yuko pia anayerithi selimundu kwa mzazi mmoja na thalasemia, kasoro nyingine ya hemoglobini, kwa mwingine, na majibu yake huleta utata. Na wako wazazi waliokwisha kuzika, ambao wangependa kujua hali ya mimba ikiwa bado changa. Kwa hawa, meza moja yenye mashine ya PCR, jeli, jokofu la kugandisha na umeme wa akiba ingeondoa safari ndefu na miezi ya kusubiri.

Meza hiyo isingekaa bure siku nyingine, Mheshimiwa. Mkoa huu ni wa zamani katika utafiti. Amani ilikuwa na taasisi ya utafiti tangu 1902, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina vituo vyake hapa, na Korogwe ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Kimelea cha malaria kilipojifunza kuishinda klorokwini, siri kubwa ilikuwa tena herufi moja. Katika jeni yake iitwayo pfcrt, AAA ilikuwa imegeuka ACA. Kimeng'enya ApoI hukata pale penye AAATTT, mfuatano wa kimelea kinachosikia dawa. Kwa kimelea sugu hukuta CAATTT, kikapita. Kwa mbinu za namna hii watafiti wamevisoma vimelea vya nchi yetu. Serikali iliiacha klorokwini kama tiba ya kwanza mwaka 2001, ikaingia SP (sulfadoksini na pirimethamini), ambayo nayo ilichoka mapema huku Muheza, na mwaka 2006 ikaja dawa mseto ya ALu (artemetha na lumefantrini). Sasa Kagera kumeonekana vimelea vyenye badiliko linalohusishwa na usugu dhidi ya artemisinini, jamii ya dawa iliyomo katika ALu. Mkoa wenye meza ya kusoma vinasaba utaiona hatari hiyo ikija, na huohuo utamjibu mama wa mtoto mchanga.

Kwa hayo yote, Mheshimiwa Waziri, naomba kwa unyenyekevu niyaorodheshe tunayoyaomba.

Kwanza, kipimo cha selimundu kiingie katika huduma za kawaida za mtoto mchanga katika kila hospitali, kituo cha afya na zahanati ya Tanga inayozalisha, na kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani kifanyike anapoletwa kliniki kwa chanjo za wiki ya sita. Kipimo kisilipiwe na mzazi.

Pili, maabara ya mkoa ipewe vifaa, vitendanishi na wataalamu wa kusoma vinasaba, pamoja na fungu la kila mwaka la kuvitunza. Vimeng'enya hufika vikiwa kwenye barafu na huharibika njiani na ghalani. Mashine iliyonunuliwa bila bajeti ya kuilisha haitamsaidia mtu.

Tatu, jibu lisitoke peke yake. Liambatane na penisilini, asidi ya foliki, kinga ya malaria, chanjo, na haidroksiyurea kwa anayestahili, na dawa hizo zisikatike. Tukimwambia mama ugonjwa wa mwanawe na kisha tukamrudisha mikono mitupu, tutakuwa tumemwongezea mzigo.

Nne, faragha ya familia ilindwe. Nchi yetu ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Tunaomba kila mzazi aelezwe kwa Kiswahili chepesi kipimo ni cha nini, aridhie, na majibu yake yasiwe mazungumzo ya barazani.

Nasi hatuji mikono mitupu. Walimu wa mkoa huu tunalifundisha somo hili darasani, na tuko tayari kulifundisha misikitini, makanisani na kwenye vikao vya mtaa, kwa kina baba hasa, ili jeni ya watu wawili isibebeshwe mmoja. Wahudumu wa afya wa jamii wanazijua nyumba zetu mlango kwa mlango. Vikundi vya akina mama vya hapa Makorora vinaweza kumfuata kila mtoto atakayekutwa na ugonjwa, ili asikose kliniki wala dawa. Tunachokosa ni uamuzi, na uamuzi huo uko katika mamlaka yako.

Kimeng'enya, Mheshimiwa, hakijui Tanga wala Baltimore. Kinajibu kwa uaminifu uleule popote kinapoulizwa, na hakimjibu asiyeuliza. Kwa zaidi ya miaka arobaini jibu limekuwepo. Tunakuomba, kwa heshima yote tuliyo nayo, uagize swali liulizwe kwa kila mtoto wa mkoa huu, kuanzia bajeti ijayo ya Wizara yako.



Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Baiolojia,
Makorora, Tanga.